Kabla hujaandika bajeti, nenda barazani

Wewe uliyeajiriwa juzi kwenye mradi wa utafiti unaolipiwa na wakfu wa ng'ambo, karibu. Nimekaa kwenye kazi hii huku Pwani miaka kumi na minne. Nilianza kwa kupita nyumba kwa nyumba na hojaji, na siku hizi nasaidia kuandika maombi ya fedha. Kuna mambo ningependa uyajue kabla hujakabidhiwa bajeti uipange mwenyewe.

Jua kwanza hela zinatoka wapi. Chukua Wellcome Trust ya London, ambayo ukifanya kazi za afya utalisikia jina lake sana, maana imeshirikiana na KEMRI, taasisi ya serikali ya Kenya ya utafiti wa tiba, kule Kilifi tangu 1989. Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa aliyezaliwa Marekani, alifariki 1936, na wosia wake ukaiacha kampuni mikononi mwa wadhamini ili faida iende kwenye utafiti. Baadaye wadhamini waliziuza hisa kwa awamu, za mwisho mwaka 1995, na leo taasisi inaishi kwa mapato ya uwekezaji. Sisi wa Pwani wakfu tunaujua: mtu huacha shamba au nyumba, kodi yake ikatunza msikiti vizazi na vizazi. Hili nalo haliko mbali na hilo. Mfadhili wa namna hii hana wanahisa wanaongoja gawio mwisho wa mwaka, kwa hiyo anaweza kusubiri. Swali lako likihitaji miaka mitano, omba mitano. Usilibane kwenye miezi 18 kwa kuogopa kuonekana una tamaa.

Lakini vipaumbele navyo hubadilika. Mwaka 2020 Wellcome ilitangaza kuelekeza nguvu kwenye magonjwa ya kuambukiza, afya ya akili, na mabadiliko ya tabianchi yanavyogusa afya. Soma mwelekeo wa sasa, si andiko la zamani ulilopewa na mwenzako.

Vibali nitavipita haraka. Kenya utahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania ni NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Anza mapema kuliko unavyodhani inafaa. Na kama bajeti ni ya pauni, kumbuka petroli utainunua kwa shilingi, basi acha nafasi.

Sasa damu, na hapa nitakaa kidogo.

Nilipokuwa mgeni kazini niliingia boma moja huko Ganze na fomu ya ridhaa iliyosema tutachukua mililita tano za damu ya mtoto. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mililita ni kitu gani?" Nikamwomba kijiko cha chai. Nikakijaza maji, nikayamimina kwenye kichupa mbele yake. Akakichukua kijiko, akarudia mwenyewe taratibu, huku mama mkwe wake akitazama. Ndipo maswali yake yakatoka: itapelekwa wapi? Itauzwa? Mtoto akionekana ana ugonjwa, nani atamtibu? Hayo matatu hayakuwa kwenye fomu yangu kwa lugha ambayo angeielewa. Uvumi wa watu wanaochukua damu wakauze una umri mrefu Pwani, nawe usiuite ujinga. Mzazi anayeona gari lenye nembo asiyoijua limekuja kuchota damu ya mwanawe ana haki ya kuuliza.

Bajeti yangu ya kwanza ilikuwa na kila kitu: magari, friji ya sampuli, mishahara, hata betri za tochi. Miaka mitatu baadaye nikarudi kijiji kilekile na mradi mwingine. Tuliketi barazani chini ya mwembe, nikaeleza shughuli mpya, na mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, ile damu ya kwanza ilisema nini?" Jibu lilikuwepo. Ripoti ilikuwa imeshafika kwa mfadhili na makala imeshachapishwa, kwa Kiingereza. Kijijini hakuna aliyelipeleka, kwa sababu mimi sikuwa nimeweka hata shilingi moja ya kurudi. Mwezi ule nyumba nyingi zilikataa kushiriki, nami sikuwa na la kuwalaumu.

Inaniuma zaidi nikikumbuka jinsi matokeo mengine yanavyostahili kusimuliwa. Wellcome ililipia jaribio la dawa za malaria kali lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa artesunate, asilimia 8.5. Matokeo yalitoka 2010, na mwaka uliofuata WHO ikapendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Badiliko hilo lililetwa na wazazi waliokubali watoto wao waingie. Tangu 2005 Wellcome inawataka watafiti wake waziachie makala zao zisomwe bure, sera ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Ila makala ya bure kwenye intaneti bado haijamfikia mama wa kijiko.

Kwa hiyo tenga fungu la kurudi. Weka safari mbili kwa kila kijiji, moja katikati ya mradi na moja mwishoni. Weka malipo ya mkalimani wa Kigiriama au lugha yoyote ya mahali hapo, nauli za wazee, maji, soda, na kipaza sauti kama baraza ni kubwa. Halafu weka siku za kazi za watu walewale waliokwenda mwanzo. Mikataba yetu huisha pamoja na ruzuku, na majibu yanapotoka, aliyechota damu mara nyingi ameshaondoka. Wanakijiji wanamtaka yeye, si mgeni mwenye karatasi. Nimeliandika fungu hili kwenye kila ombi tangu siku ya mwembe, na halijakatwa hata mara moja. Mfadhili mmoja aliliuliza, akitaka kujua kwa nini ni dogo hivyo.