Mzazi Raia wa Marekani Akifariki, Mtoto Anabakiwa na Njia Zipi?

Msomaji ameniandikia: baba yake, raia wa Marekani, alifariki mwaka jana, na sasa kuna dalali anamdai pesa ili amtafutie "viza ya yatima". Viza ya namna hiyo ipo kwa watoto wadogo wanaoasiliwa na raia wa Marekani. Mtu mzima aliyefiwa na baba haimhusu hata kidogo.

Kabla hamjazungumza habari ya viza, angalieni kama mtoto mwenyewe si raia tayari. Uraia wa kuzaliwa haufi na mzazi. Aliyezaliwa nje ya Marekani kuanzia tarehe 14 Novemba 1986, wazazi wakiwa wameoana na mmoja wao tu akiwa raia, ni raia tangu siku aliyozaliwa iwapo mzazi raia alikuwa ameshaishi Marekani jumla ya miaka 5 kabla mtoto hajazaliwa, 2 kati yake baada ya kutimiza umri wa miaka 14. Aliyezaliwa kati ya 24 Desemba 1952 na 13 Novemba 1986, hesabu ni miaka 10, na 5 iwe baada ya umri huo. Mzazi aliyepata uraia baada ya mtoto kuzaliwa hahesabiki hapa.

Wengi hukwama kwenye ushahidi. Wanapeleka pasipoti ya marehemu peke yake, nayo inaonyesha alikuwa raia, haionyeshi aliishi wapi. Kinachotakiwa ni rekodi za shule, taarifa za mapato za Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), karatasi za kodi, hati ya kuachishwa jeshi. Hayo ndiyo makaratasi yanayotupwa wiki ya msiba watu wakigombania shamba. Yatoeni kwanza, shamba halikimbii. Ushahidi ukitimia, omba pasipoti au jaza fomu N-600, ya kuomba cheti cha uraia.

Kama wazazi hawakuoana na raia ni baba, masharti yanaongezeka: uthibitisho wa wazi wa damu, na kabla mtoto hajafikisha 18, baba awe amemhalalisha kisheria, au amemkiri kwa maandishi ya kiapo, au mahakama iwe imeamua. Ahadi ya maandishi ya kumtunza haidaiwi kwa baba aliyekwisha kufariki.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 na anayeishi nje ana fomu N-600K, ya kuombewa uraia, na wachache wanaijua. Babu au bibi aliye raia, mzazi wa marehemu, anaweza kuijaza, au mlezi wa kisheria aliye raia, ndani ya miaka 5 tangu kifo. Marehemu, au mzazi wake huyo, awe ametimiza ile miaka 5 na 2. Mtoto huingia Marekani kihalali, na yote yakamilike kabla ya siku yake ya kutimiza 18. Anayebisha hodi akiwa na miezi miwili mkononi amechelewa.

Je, marehemu alikuwa ameshawasilisha I-130, fomu ya kumwombea ndugu ahamie Marekani? Kifo huifuta, hata kama ilikuwa imekubaliwa. Mtoto aliyekuwa akiishi Marekani siku ya kifo na bado anaishi huko anaweza kuomba iendelee chini ya kifungu 204(l) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, hata kama ilikuwa haijaamuliwa. Aliye nje hubaki na kuomba irejeshwe kwa sababu za kibinadamu, na hapo I-130 lazima iwe ilikubaliwa mzazi akiwa hai. Haina fomu wala ada: ni barua kwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, yenye namba ya maombi, cheti cha kifo, maelezo ya ndugu walioko Marekani, umri, afya na ucheleweshaji uliotokea, pamoja na I-864, fomu ya ahadi ya kumtunza mhamiaji kifedha, ya mdhamini mbadala anayechukua nafasi ya marehemu. Mdhamini huyo si rafiki wa familia. Awe ndugu wa karibu, kama kaka, dada, babu, bibi au shemeji, au mlezi wa kisheria, aliye raia au mkaazi wa kudumu. Barua ya huruma isiyo na mdhamini hurudi mikono mitupu, na uamuzi haukatiwi rufaa.

Mama mjane ambaye hajaolewa tena anaweza kujaza I-360, fomu ya mjane kujiombea mwenyewe kuhamia Marekani, ndani ya miaka 2 tangu kifo, akiwajumuisha watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21.

Hayo yakishindikana, kaka au dada raia aliyetimiza miaka 21 anaweza kufungua I-130 mpya. Foleni yake ni ya miaka mingi, kwa hiyo faili liingie mapema. Mkiwa mmechangia baba tu, ambatanisheni vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili vyenye jina lake, na cheti cha ndoa yake na kila mama.