Maswali Yenu: Gesi Inayotemwa na Nyota Changa

Niliposema wiki jana kwamba nyota ikizaliwa hutema gesi pande mbili, maswali yakamiminika. Nimeokota manne.

*Mwalimu, joto la gesi hiyo mnalijuaje na hakuna aliyefika huko? (Msomaji, Majengo)*

Muuza kahawa wa Mji wa Kale hatii kidole jikoni. Anapepea, makaa yanatoka damu ya mzee yanaingia rangi ya chungwa, naye anajua dele liko tayari. Gesi baridi haing'ai hivyo, ila kila molekuli ina mawimbi yake. Inayotegemewa zaidi ni kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani, madirisha yamefungwa. Molekuli zake huzunguka. Zizungukazo polepole hutoa wimbi la redio la milimita 2.6, zikigongwa sana na jirani zake, ambako gesi ni ya moto na imesongamana, huzunguka kasi na kutoa mawimbi mafupi zaidi. Linganisha nguvu za mawimbi hayo, upate joto na msongamano pamoja.

Wingu la gesi linalozaa nyota, likiwa limetulia, lina nyuzi kama 263 chini ya sifuri. Ndani ya mikondo, yaani gesi ile inayotemwa, darubini ya angani Herschel (2009 hadi 2013) ilikuta kaboni monoksaidi yenye nyuzi 27 hivi. Joto letu la jioni, jamani! Ila usitafute upepo humo: ni gesi nyembamba kuliko ombwe la maabara nyingi.

*Si haidrojeni ndiyo nyingi? Mbona hamuipimi yenyewe? (Kisauni)*

Molekuli za haidrojeni zikiwa baridi ni bubu, hazitoi mawimbi ya kutosha kupimika. Kwa hiyo tunahesabu kaboni monoksaidi, kisha tunazidisha kwa 10,000 hivi tupate haidrojeni, na kutoka hapo uzito wa gesi. Kwangu mimi, uzito ndio kipimo cha kutiliwa shaka kwanza, maana uwiano huo haufanani kila mahali.

*Na kasi? (Likoni)*

Matatu ikija Digo Road inapiga honi, mlio ni mwembamba. Ikishakupita, unakuwa mnene. Mawimbi ya gesi nayo hufupika ikija, hurefuka ikienda. Kasi ya kilomita makumi kwa sekunde ni ya kawaida. Tabu ni kwamba tunaona ile ya kuja na kwenda tu. Mkondo uliokaa ubavu kwetu utaonekana mvivu hata kama unakimbia, na usipojua pembe yake utakosea hata umri wake, unaokokotolewa kwa kasi hiyo.

*Naweza kuuona mkondo kwa macho nikiwa Nyali? (Bi. wa Nyali)*

Hapana, bibi, lakini mahali mkondo mmoja ulipo utapaona. Disemba baada ya Isha, tazama juu ya bahari utafute Kilimia, kile kishada cha nyota. Nyuma yake inafuata nyota nyekundu, Aldebaran. Jina lenyewe ni la Kiarabu, maana yake mfuataji. Nyosha mkono, inua kidole gumba. Upana wa kidole hicho kutoka kwenye nyota hiyo ndipo lilipo wingu L1551, umbali wa miaka ya nuru 450 hivi, ambako mkondo wa pande mbili ulitangazwa mwaka 1980.