Mleta mada, hiyo chai ya kukata tumbo usiinywe, na mama usimpe

Rudisha hiyo chai. Kama hujatuma hela, usitume. Kama umeshatuma, anza kumdai leo leo.

Kwa anayeingia sasa hivi: dada yuko hapa Moshi, ana kilo 78, anataka kupungua kama tano kabla ya send-off ya mdogo wake, na zimebaki wiki saba. Ameuliza gym ipi mjini ni nzuri, mazoezi afanye asubuhi au jioni, ndizi aache au asiache, na ile chai ya siku 14 aliyouziwa na mwanamama wa kikoba chao ainywe na mlo gani. Halafu mwishoni kabisa akatupia mstari mmoja, ndio ulioninyanyua kitini: mama yake, mwenye presha, naye ataianza, "maana ni majani tu".

Mimi chai hiyo nimeinywa. Pakiti inaweza kuwa ya rangi nyingine, lakini maelekezo uliyobandika ni yale yale neno kwa neno. Kikombe kimoja usiku kabla ya kulala, asubuhi "sumu zote zinatoka", mchana matunda peke yake, ndani ya wiki mbili nguo zinapwaya. Na kweli zinapwaya! Hapo ndipo wanapotukamatia. Mizani ya duka la dawa ilishuka haraka kuliko nilivyowahi kuona, nikapiga picha, nikamtumia muuzaji kwa furaha, naye akaisambaza kwenye makundi yake ya WhatsApp kama ushuhuda. Kwa hiyo ukionyeshwa "mteja wetu wa Pasua" amesimama juu ya mizani na ndala za bluu, mwenye ndala ndiye huyu anayekuandikia. Aliniambia hiyo picha imemletea wateja wengi.

Sasa geuza pakiti. Upande wa nyuma, chini kabisa, kwa maandishi ya kupekua kwa tochi ya simu, tafuta neno senna. Ukilikuta, hiyo ni sanamaki. Watu wa Pwani wanaijua tangu zamani, na hospitali wanaitoa kwa mtu aliyefunga choo, kwa dozi inayojulikana na kwa siku chache. Sina ugomvi na sanamaki kwa mtu aliyefunga choo. Kazi yake ni kuufanya utumbo mpana ujikamue na kulainisha kilichomo. Mafuta ya kiunoni haiyajui wala haiyafikii.

Daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya vipimo, na ningependa kila mtu wa kikoba chenu auone ule mchoro. Chakula kinanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Sukari ya soda, mafuta ya chipsi, wanga wa ugali, vyote vimeshaingia kwenye damu kabla mabaki hayajafika kule sanamaki inakofanyia kazi. Ni kupekua basi stendi ya Moshi wakati mzigo ulishashushwa Mwanga. Unachokitoa kule chooni alfajiri ni maji, na maji hayo hayaendi peke yake, yanachukua na chumvi za mwili, hasa potasiamu, ambayo misuli yote inaitegemea, na moyo nao ni msuli.

Jumlisha na hayo matunda matupu. Mwili una akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake inashikilia takriban gramu tatu za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inaliwa ndani ya siku chache na maji yake yanaondoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani inakupa raha. Kilo zimeshuka kweli, mafuta yako pale pale.

Mimi ilianza kwa vigimbi kukaza usiku, napiga kelele nyumba nzima inaamka. Nikamwambia muuzaji. Akanijibu kwa sauti ya upole, hiyo ni sumu inatoka, ongeza na kikombe cha asubuhi. Ongeza! Mtu anakwambia misuli inakaza, wewe unamwongezea kile kile kinachomkausha. Nikaongeza. Kisha tukapata msiba Kibosho, ile njia ya mgombani niliyoipanda tangu nina miaka mitano na ndoo kichwani, miguu ikanigomea katikati. Si kuchoka, kuchoka nakujua. Unaiamuru miguu, haiitikii. Moyo ukawa unaruka pigo, unasimama, unarudi na kishindo, nikakaa chini ya mgomba nikijua kwamba watarudi kuzika mwingine. Hospitali walipopima damu, potasiamu ilikuwa imeshuka mno, na swali la kwanza la daktari lilikuwa: unakunywa chai gani?

Hakuuliza kama nakunywa. Aliuliza gani. Nadhani unanielewa.

Nilipoiacha, choo kikafunga, mwili ukavimba maji, na ile mizani ikapanda kurudi ilikotoka kabla hata sijamaliza dawa za hospitali. Nikadhani yameisha. Miezi kadhaa baadaye nikakaa kwa msusi wangu Majengo, akachana mara moja tu, akanyamaza, akanionyesha kitana. Nywele zimejaa, zina mizizi yake myeupe. Mwili ukinyimwa chakula ghafla, nywele nyingi zinaacha kukua kwa pamoja, zinakuja kudondoka miezi miwili mitatu baadaye, wakati wewe umeshasahau na aliyekuuzia ameshahamia kwenye biashara ya virutubisho vya mifugo. (Ng'ombe wa watu, Mungu awasaidie.)

Huyo mwanamama aliyeniuzia mimi nina haki ya kumsema, ingawa jina simtaji. Ukimuuliza kibali, anakwambia haya si dawa, ni majani tu. Ukimuuliza yanafanyaje kazi, anakwambia hii ndiyo dawa yenyewe ya asili, hospitali wanaificha. Achague moja. Kama ni dawa ya kisasa, iko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kama ni tiba asili, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili. Kama ni chakula au kinywaji, tangu 2019 hilo ni la TBS, shirika la viwango. Pakiti yangu haikuwa na usajili wa hata mmoja wao, ilikuwa na picha ya kiuno na namba ya kulipia kwa simu. Na alijiita mshauri wa lishe. Mshauri wa lishe hakuulizi hata kama una kisukari, kama una ujauzito, kama unanyonyesha, kama unatumia dawa? Mimi aliniuliza mtandao gani naotumia, ili ajue makato.

Narudi kwa mama, kwa sababu hapo sina masihara. Uliandika mama ana presha. Baadhi ya dawa za presha ni zile zinazoongeza mkojo, na baadhi yake zenyewe tayari zinashusha potasiamu. Ukimwongezea sanamaki kila usiku unaishusha kutoka pande mbili, kwa mtu mzima, mwenye moyo uliofanya kazi miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa sijafika arobaini na sina presha, na nimekueleza nilivyokaa chini ya mgomba. Mama asiguse. Kama anataka kupungua, akienda kliniki yake awaambie, waangalie na dawa zake.

Sasa kanuni yangu, ndiyo pekee niliyobaki nayo na naisema kila mahali mpaka wananikwepa: usianze kitu ambacho huwezi kukifanya Desemba.

Wa mikoani watashangaa, wa huku wanajua. Desemba Moshi watu wote wanarudi. Kuna mbuzi kwa baba mkubwa, kuna kitimoto kwa shemeji, mbege kila kibarazani, mtori asubuhi, machalari mchana, na bibi anayekutazama usoni mpaka umalize sahani. Kama mpango wako wa kupungua unasema "matunda tu" au "wanga marufuku", utaufikisha wapi mbele ya bibi? Utavunja siku ya kwanza, na ukishavunja utakula kwa hasira mpaka Januari. Lakini kama mpango wako ni kula kwenye chungu hicho hicho na wenzako, sahani ndogo kidogo, bila kuongeza mara ya pili, na kinywaji chako ni maji, huo unaweza kuufanya hata kwa baba mkubwa na hakuna atakayegundua.

Ndiyo maana nasema ndizi usiache. Najua atakuja mtu hapo chini aseme nimetumwa na wauza ndizi wa Mbuyuni, aje tu, nitamwelekeza meza yenye mafungu makubwa. Gramu 100 za ndizi za kuchemsha zina kalori kama 120. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta ya kupikia nacho kina kalori kama 120. Angalia mkono wa anayepika anavyomimina kwenye mboga, halafu uniambie mkosaji ni ndizi. Mnafu wa kukaanga kwa mafuta yanayoelea ni mafuta yenye mnafu ndani. Mimi nilianza kupima kwa kijiko, kwa sufuria nzima, na nyumbani walilalamika wiki moja, wakazoea. Kiburu, ndizi na maharage, nakula kama kawaida, maharage yaliyomo yanakaa tumboni hayanirudishi jikoni saa tano.

Sehemu ya pili ni sukari, na hii kwa watu wa ofisini na madukani ndiyo inatumaliza. Vijiko vidogo vitatu kwenye chai, vikombe vinne kwa siku, hapo ni takriban gramu 48 za sukari kabla hujala kitu. Soda moja ya chupa ya mililita 350 inakaribia gramu 37 nyingine. Na hivyo vyote vinapita kooni, tumbo halihesabu kama limekula. Nilishusha kijiko kimoja, nikakaa hapo mpaka ulimi ukazoea, nikashusha kingine. Soda nimeiachia sherehe. Zege (chipsi mayai) la jioni kwa kijana wa kona nalo likapungua lenyewe, kwa sababu nilikuwa nalifuata kwa njaa ya mchana niliokula matunda matupu. Ukila mchana chakula cha mtu mzima, saa moja usiku hutembei kufuata harufu ya chipsi.

Mazoezi: tembea. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemke lakini bado unaweza kuongea. Hiyo ni nusu saa, siku tano, na mji huu umekujengea kilima bure, ukielekea kaskazini njia yoyote ni kupanda. Shuka kwenye daladala kabla ya kituo chako, upande kwa miguu. Wanaokimbia wapo kila Jumamosi, na ukitaka kitu cha kukuvuta mbele, Kilimanjaro Marathon ina mbio za kilomita 5 ambazo watu wanatembea na watoto wao. Lakini usidanganyike kwamba mazoezi yatafuta chakula. Nusu saa ya kutembea haraka kwa mtu wa uzito wako ni kalori kama 150. Ni ile soda moja. Ukimaliza kutembea ukapita dukani kwa Mangi kujipongeza na soda, umerudi pale pale, ingawa miguu na moyo vimefaidika.

Hesabu yako sasa. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wiki saba ni kilo tatu na nusu hadi saba. Kilo zako tano zimo humo humo, bila pakiti, bila kuamka saa tisa usiku kukimbilia choo, na gauni la send-off mpe fundi alishone wiki ya mwisho, sio sasa. Mizani jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, na mizani ile ile. Ukijipima kila siku unapima maji tu na kujiumiza roho.

Na kama umeshaanza kunywa, tafadhali jibu hapa hapa umekunywa kwa muda gani. Vigimbi vikikaza, miguu ikiishiwa nguvu au moyo ukiruka pigo, usimwandikie muuzaji. Nenda hospitali, beba na pakiti yenyewe mkononi, waambie wapime potasiamu.