Piazzolla alikuwa mwenyeji wa tango

Mhariri, mmeuliza juma hili iwapo mtunzi mmoja anaweza kubadili muziki uliokwisha kuwa mali ya taifa zima. Jibu langu ni ndiyo, ilimradi awe ameujua kwa ndani, na shahidi wangu ni Astor Piazzolla wa Argentina.

Tango, muziki wa dansi wa Argentina na Uruguay, ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 katika vitongoji vya Buenos Aires na Montevideo, ambako ngoma za candombe za wazao wa Waafrika waliouzwa utumwani zilikutana na habanera ya Cuba na nyimbo za wahamiaji wa Italia na Hispania. Hata jina la milonga, muziki ulioitangulia, wataalamu wengi hulihusisha na Kimbundu cha Angola, ambamo lina maana ya maneno. Nasi tunaosema "kulonga" tunausikia undugu huo mara moja.

Piazzolla alizaliwa mwaka 1921, akakulia New York, ambako baba yake alimnunulia bandoneoni, ala ya jamii ya akodiani yenye asili ya Ujerumani. Mwaka 1939 alijiunga na okestra ya dansi ya Aníbal Troilo, akapiga na kupanga muziki humo hadi 1944. Naisisitiza miaka hiyo, kwa kuwa wahafidhina waliomwita baadaye mvamizi wa tango waliisahau. Mwaka 1954 alikwenda Paris kusomea utunzi wa kiklasiki kwa Nadia Boulanger, naye, alipomsikia akipiga tango aliyoitunga mwenyewe, akamwambia kwamba hapo ndipo alipo Piazzolla wa kweli.

Aliporudi nyumbani mwaka 1955 aliunda kundi la watu 8, Octeto Buenos Aires, akaingiza gitaa la umeme. Wahafidhina walikasirika, wakadai kwamba hiyo si tango kwa sababu haichezeki. Naamini walisikiliza kwa miguu tu. Mapigo 8 yaliyogawanywa 3, 3 na 2, yanayoisukuma "Libertango" ya 1974, yalikuwamo tayari katika milonga ya kale. Yeye aliyatoa chini ya wimbo akayaweka mbele. Na "Adiós Nonino", aliyoitunga mwaka 1959 baada ya kufiwa na baba yake, ni maombolezo yanayomtaka msikilizaji akae, anyamaze.

Leo okestra za simfoni hupiga kazi zake, huku kumbi za dansi za Buenos Aires zikiendelea kucheza rekodi za Troilo, baadhi yake zikiwa zimepangwa kwa mkono wa Piazzolla huyohuyo.