Kabla hamjasajili taasisi ya babu, fungueni sanduku lake

Msomaji mmoja wa Kongwa ameniandikia. Babu yake aliongoza vibarua kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuwafia mikononi 1951. Sasa wajukuu wanataka kuanzisha taasisi ya kulinda jina lake, na anauliza waanzie wapi: RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, au kwa Msajili wa NGOs? Mdogo wangu, huko kote mtafika. Anzeni nyumbani.

Nasema hivyo kwa sababu sisi tunayo taasisi ya babu yetu hapa Dodoma, na imesimama. Mwezi huu mwanafunzi wa chuo kikuu ameshinda sebuleni kwetu akisoma karatasi za babu kwa ajili ya utafiti wake. Aliyekuwa akimletea chai ni mama yangu, ambaye aliwahi kuambiwa na ndugu wa damu kwamba tunatafuta ulaji kwa jina la marehemu. Siku ile nilitamani wote waliosema wangekuwapo.

Babu alikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi wa reli. Aliishi kota za reli, na mwaka 1960 aligoma na wenzake katika ule mgomo uliopita miezi miwili. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ukoo mzima unapenda kuisimulia. Inayofuata hawaipendi. Januari 1964 askari walipoasi, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa wakidaiwa kula njama nao, na babu akawamo. Muda si mrefu TFL ikavunjwa, shirikisho lile la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika ambalo katibu mkuu wake wa kwanza, tangu 1955, alikuwa Rashidi Kawawa. Badala yake ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote chini ya serikali, na katibu mkuu wake akawa Waziri wa Kazi mwenyewe, Michael Kamaliza. Babu aliachiwa, akarudi, na habari za chama hakuzizungumza tena.

Kadi yake ya uanachama bibi aliificha ndani ya kopo la maziwa ya unga. Imekatika pale ilipokunjwa. Stempu za ada zimebandikwa mwezi kwa mwezi, nyingine zimefifia rangi, mpaka Desemba 1963. Visanduku vinavyofuata ni vitupu.

Kwenye kikao cha ukoo, baba mkubwa mmoja alitaka habari ya kukamatwa ifutwe, tuandike mgomo na uhuru basi. Nilipokataa, alisema mbele ya watu wote kwamba namwita baba yake mhaini. Neno hilo linaniuma mpaka leo. Lakini sikurudi nyuma, na hata leo singerudi, kwa sababu kadi ile ukiitoa Januari 1964 haielezeki. Yule mwanafunzi hakuja kwa ajili ya picha ya babu akiwa na suti. Alikuja kwa ajili ya vile visanduku vitupu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kusanyeni kwanza. Kadi, barua, stakabadhi za mshahara, picha zenye majina nyuma. Zitoeni kwenye masanduku yanayokaa sakafuni, maana mchwa wa huku kwetu hawabagui historia. Pigeni picha kila karatasi kabla haijazunguka mikononi mwa ndugu. Kisha kubalianeni kwa maandishi kwamba karatasi ni mali ya taasisi, si za mtoto wa kwanza wala za aliyezitunza, na kwamba hakuna mjukuu atakayepanda jukwaani wakati wa kampeni na jina la babu. Katika wadhamini wekeni hata watu wawili wasio wa ukoo. Usajili wenyewe ni fomu, katiba, ada na subira; sina la kuongeza.

Na msiwe familia inayotengeneza fulana na bango la uzinduzi wakati haijui babu alipigania nini. Watu walipoteza kazi na nyumba ili kibarua alipwe sawasawa. Hao hawakuwa mapambo ya Mei Mosi, na sisi wajukuu hatuna haki ya kuwapunguza ili watoshee kwenye hotuba.

Waliofanya kazi na babu yako wengi wametangulia, lakini wajane na watoto wao wakubwa wapo, Kibaigwa, Mlali na kwingine. Jumamosi hii nendeni. Bebeni simu yenye chaji, sukari na majani ya chai, mwulizeni bibi mumewe alikuwa analipwa shilingi ngapi kung'oa visiki, kisha nyamazeni asimulie.