Mwacheni mtoto, semezaneni wenyewe

“Shangazi, tuna miaka kumi ya ndoa. Tukikwaruzana, mume wangu hanisemeshi, anamtuma binti yetu wa darasa la tatu: ‘Kamwambie mama yako aniwekee maji ya kuoga.’ Nami najibu kupitia huyo huyo. Sasa mtoto analia tumbo kila asubuhi ya shule, na hospitali hawaoni ugonjwa. Nimpeleke kwa mshauri?” – Mama D, Morogoro

Pole sana, mwanangu. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, lakini usimpeleke mtoto peke yake. Nendeni wote watatu.

Mwaka 1951, huko Chicago, Virginia Satir, mtaalamu wa tiba ya familia, alikuwa akimhudumia msichana mmoja. Msichana alipopata nafuu, mama mtu akapiga simu akitishia kumshtaki. Satir alisikia uchungu ndani ya vitisho vile, akamkaribisha aje. Mama alipoingia tu, binti akarudia hali ya mwanzo! Baadaye baba naye akaitwa. Enzi hizo mgonjwa alitibiwa peke yake, ndugu wakibaki nje, na Satir akawa miongoni mwa waliougeuza utaratibu huo. Mwenzake katika fani, Murray Bowen, alieleza kuwa wawili wakishindwa kuelewana humvuta wa tatu abebe mzigo wao. Kwenu amevutwa binti yako, na wewe pia umemvuta.

Satir aliacha zoezi la kila siku kwa wanandoa, ambalo Lori Gordon alilitia kwenye mafunzo yake ya mahusiano: shukrani, habari mpya, maswali, malalamiko yenye ombi, na matumaini. Anzeni mtoto akishalala. Shukrani msiiruke, hata ikiwa ya ada ya shule tu. Lakini kazi kubwa iko kwenye lalamiko. “Una kiburi kama mama yako” halina cha kutekelezwa, ni tusi. Sema: “Baba D, juzi uliponinyamazia niliumia. Ukikasirika, naomba uniambie mimi mwenyewe, hata kama ni kesho yake.” Hapo amepata jambo la kufanya.

Kama anakupiga au unamwogopa, achana na zoezi hili, nenda dawati la jinsia polisi.

Na leo binti akija na ujumbe, mwambie: “Hiyo si kazi yako mwanangu, nitaongea na baba.” Kisha inuka ukaongee naye.