Ukimruhusu mtu kuwinda kwenye ardhi yako, mwandikie

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Houston aliniandikia. Yeye na mumewe wamenunua shamba la miti Texas ya Mashariki, na walipokwenda kulikagua wakakuta kamera imefungwa kwenye mti, mahindi yamemwagwa chini, na dungu la chuma la kuwindia limeegemezwa kwenye mwaloni. "Kaka, si vyetu hata kimoja. Mume wangu anataka kung'oa kila kitu akitupe barabarani. Mimi naogopa hawa watu wana bunduki. Tufanyeje?"

Dada yangu, msing'oe kitu. Pigeni picha kila kitu kama kilivyo, kamera, dungu, nyayo, alama za matairi, mwandike tarehe na saa, kisha mpigieni simu askari wa wanyamapori wa kaunti yenu. Kila kaunti ya Texas ina askari wa wanyamapori anayeihudumia, na hii ndiyo kazi yake. Mkikosa namba yake, pigeni Operation Game Thief, simu ya Texas ya kuripoti uwindaji haramu, 1-800-792-4263. Hilo ndilo jibu la haraka. Jibu refu nalitoa hapa kwa sababu barua kama hii huja kila mwaka miezi ya majira ya kuwinda inapokaribia, na kwa sababu jambo hili limeniingia mpaka kwenye mifupa.

Wengi wetu tuliokuja huku tumekulia mahali ambapo mambo haya hayapo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania mtu anawinda kwa leseni, kwenye vitalu na maeneo yaliyotengwa, na mnyama akiingia shambani kwako bado ni mali ya serikali. Texas nako wanyamapori ni mali ya umma, lakini zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi. Kulungu ni wa wote, ila mlango wa kumfikia ni wako. Ndiyo maana huku neno "ruhusa" ni zito kuliko leseni yenyewe. Unaweza kuwa na leseni halali, bunduki halali, na uko ndani ya majira, lakini ukimuua kulungu wa mkia mweupe kwenye ardhi ya mtu bila idhini yake umetenda jinai inayoweza kukupeleka jela hadi miaka 2. Hata kulungu uliyempiga kwako akikimbia akaangukia kwa jirani, huruhusiwi kuvuka kumfuata mpaka jirani akubali.

Ardhi yangu niliinunua kwa jasho la malori. Miaka ya kulala kwenye vituo vya mafuta, kula vyakula vya kwenye mifuko, kukosa harusi na misiba. Nilipoweka saini nilijisikia kama babu yangu alivyojisikia alipopanda mti wa kwanza wa mpaka kule Iringa. Misonobari, mialoni kando ya kijito, na kwenye mchanga wa kijito nyayo za kulungu zimepangana kama mtu amezichora. Anayesoma haya na anaota kipande chake cha ardhi ananielewa.

Majira ya kwanza tu nikasikia mlio wa bunduki ndani ya mpaka wangu. Niliyemkuta alikuwa kijana wa Kizungu, mpwa wa jirani, amekaa juu ya dungu kama yuko sebuleni kwao. Akaniambia bila hofu kwamba mzee aliyeniuzia alimruhusu tangu akiwa mtoto. Na alikuwa anasema kweli, mzee mwenyewe aliniambia baadaye kwa simu. Lakini ruhusa ya mdomo haiuzwi pamoja na ardhi. Ilikuwa ya mzee, na mzee ameshauza. Mkataba wa kukodi, ule wa mtu aliyelipa pesa ili awinde, ni habari nyingine na unaweza kukufuata hata wewe mnunuzi. Kwa hiyo kabla hujaweka saini muulize muuzaji: nani anawinda hapa, kwa maneno au kwa karatasi, na mpaka lini? Iandikwe kwenye mkataba wa mauzo kwamba hakuna mkataba mwingine.

Sikubishana na yule kijana. Hili nalisisitiza kwa kila Mwafrika mwenye ardhi vijijini Marekani: usibishane na mtu mwenye bunduki porini, hata kama ardhi ni yako na hati iko mfukoni. Hajui wewe ni nani. Akipiga simu kwanza yeye, anayeelezwa kama mvamizi anaweza kuwa wewe. Mimi nilisalimia kwa sauti tangu mbali, mikono ikionekana, nikamwambia jina langu na kwamba mimi ndiye mwenye ardhi sasa, nikamwomba ashuke aondoke, nikarudi kwenye gari. Kumwambia mtu kwa mdomo aondoke kunatosha kisheria kuwa onyo. Akirudi, hawezi kusema hakujua. Namba ya pikapu yake niliipiga picha pale getini.

Askari wa wanyamapori alikuja siku hiyo hiyo. Mtu mtaratibu sana. Alitembea nami mpakani akaniambia mistari yangu haionekani, seng'enge imelala chini sehemu nyingi, na bikoni mbili zimefunikwa na majani. Akaniambia habari ya rangi ya zambarau.

Sheria ya Texas inakubali rangi hiyo tangu 1997, na Arkansas ilitangulia mwaka 1989. Alama ya zambarau kwenye mti au nguzo ina nguvu sawa na kibao cha "Usiingie", na faida yake ni kwamba kibao kinang'olewa, kinatobolewa kwa risasi, kinaliwa na jua. Rangi inabaki. Lakini lazima ipakwe inavyotakiwa. Mstari usimame wima, urefu usipungue inchi 8, upana usipungue inchi 1. Ncha ya chini ya mstari iwe kati ya futi 3 na futi 5 kutoka ardhini. Kwenye msitu alama zisiachane zaidi ya futi 100, na kwenye ardhi ya wazi zisizidi futi 1,000. Ziwe mahali ambapo mtu anayekaribia anaziona. Mimi nilimwita kwanza mpima ardhi aliyesajiliwa, kwa sababu ukipaka mti wa jirani umeanzisha ugomvi mwingine. Kisha nikapaka mwenyewe, kila mti kwa mkono wangu, na gome la msonobari linakunywa rangi kweli kweli, unapaka mara mbili ndipo inashika.

Baada ya hapo anayeingia anajua anachofanya. Kuvamia ardhi ya mtu ni kosa linaloweza kufika siku 180 jela na faini hadi dola 2,000. Akiwa amebeba silaha, linaweza kupanda hadi mwaka 1 na dola 4,000.

Na msidanganywe na habari ya nguruwe pori. Tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya kuwinda nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi, kwa hiyo wavamizi wengi wakikamatwa utasikia, "Mimi nilifuata nguruwe tu." Leseni ndiyo iliyoondolewa. Ruhusa ya mwenye ardhi iko pale pale.

Yule kijana alirudi, lakini alirudi mlangoni, kofia mkononi, akiwa na mjomba wake. Akaomba. Tukakaa, nikaandika karatasi: jina lake, namba ya gari, nguruwe tu na si kulungu, upande wa kijito tu, aje peke yake, apige simu kabla, na karatasi inakufa tarehe fulani. Aliisoma, akasaini, akashukuru. Mpaka leo ananiletea habari za mpaka kuliko kamera zangu zote. Geti likiachwa wazi yeye ndiye wa kwanza kunipigia.

Aliyeniumiza hakuwa mgeni.

Ni mwenzetu, wa nyumbani, tuliyekula naye, tuliyemchangia alipofiwa. Nilipomwonyesha ardhi alifurahi kuliko mimi. Akaniomba awe anakuja kuwinda. Nikamwambia njoo, ukiwa na mtu wa kukusaidia kubeba mje naye. Nilimpa na namba ya kufuli la geti. Sikumwandikia chochote, na nani kati yetu angemwandikia? Kwetu ukimwambia rafiki asaini karatasi, umemtangazia kwamba humwamini. Nilitoa kwa moyo mweupe na moyo ule siujutii.

Jumamosi moja alfajiri nikafika bila kumwambia. Geti wazi. Pikapu tatu zimeegeshwa juu ya majani niliyopanda. Moto unawaka, kulungu jike ananing'inia kwenye mwaloni, mwingine yuko chini amefunikwa turubai. Watu nisiowajua wamekaa kwenye viti vya kukunja, redio inaimba. Mmoja akainuka kwa heshima zote akanipa mkono: "Karibu, kaka. Karibu uketi, chai ipo." Ananikaribisha kwangu. Kisha akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Na wewe umemlipa ngapi?"

Wale watu sikuwalaumu, na nilimwomba askari awaangalie kama waliodanganywa, kwa sababu ndivyo walivyokuwa. Walikuwa wametoa pesa zao kwa mtu aliyewaambia ardhi ni yake na ndugu yake. Yeye alipotoka msituni akasema maneno ambayo hayajanitoka: "Si ulisema nije na mtu?"

Hapo ndipo magomvi yote ya ruhusa yanapoanzia, wasomaji wangu. Mtoaji anakumbuka alichomaanisha, mpokeaji anakumbuka alichopenda kusikia, na katikati hakuna kitu cha kushika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walituketisha sebuleni kwa mmoja wao, wakasikiliza pande zote mbili, na kwa kuwa hapakuwa na maandishi, ikawa neno langu na neno lake. Wakasema tusameheane. Nilisamehe. Lakini kwenye msiba uliofuata nikaambiwa anapita akisema mimi nimekuwa Mzungu, nimepata ekari nimewasahau watu. Mke wangu alilisikia hilo akiwa jikoni na kina mama, ameshika sinia la pilau. Linauma. Miaka inapita na bado linauma.

Na sikilizeni kwa nini halikuwa jambo dogo. Geti lile lilipoachwa wazi ng'ombe wa jirani walitoka mpaka barabarani. Gari lingegonga ng'ombe usiku, mtu angekufa, nani angetafutwa? Risasi ikivuka mpaka, nani ataulizwa aliyewaleta ni nani? Texas ina sheria inayompunguzia mwenye ardhi mzigo wa madai ya wanaoingia kujiburudisha, lakini sheria ni ngao kwa anayejua ni nani yuko ndani. Mwenye ardhi asiyejua idadi ya bunduki zilizoko msituni kwake siku ya Jumamosi hajamiliki bado.

Andikeni. Andikeni kwa ndugu, kwa mchungaji, kwa shemeji. Karatasi moja inatosha. Aliyeruhusiwa kwa jina, na kwamba ruhusa haihamishwi kwa mwingine wala haiuzwi. Mnyama gani. Eneo gani, na mchoro mdogo. Siku gani, na tarehe ya mwisho, kwa sababu ruhusa isiyo na mwisho inageuka kuwa urithi. Gari liegeshwe wapi. Namba ya kufuli ibadilishwe kila majira yakiisha. Saini mbili, nakala mbili, na picha ya nakala kwenye simu yako ili askari akikuuliza umwonyeshe pale pale.

Karatasi hiyo inakulinda na jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Mtu akitumia sehemu ya ardhi yako miaka 10 au zaidi kama yake, waziwazi na bila idhini, anaweza kwenda mahakamani kudai imekuwa yake. Anayeingia kwa ruhusa yako hana dai hilo. Ukimwandikia jirani kwamba umemruhusu kupita, umeandika pia kwamba ardhi ni yako na yeye anajua.

Na ukishaandika, isimamie. Masharti yakivunjwa mara moja, chukua karatasi yako. Usipige kelele, usitukane, usiende kumsema kanisani. Mwandikie ujumbe mfupi: ruhusa imekwisha leo, usiingie tena. Ujumbe huo nao ni onyo kisheria. Undugu unaoweza kuvunjwa na karatasi ya kuwindia ulikuwa umeshavunjika, na ni afadhali ulijue hilo mapema kuliko kulijua kwenye msiba.

Dada wa Houston, turudi kwako. Huenda mwenye kamera ni mtu wa aina ya yule kijana wangu, mwenye ruhusa ya zamani asiyejua kwamba ardhi imeuzwa. Mpe nafasi ya kubisha hodi. Bandika barua ndani ya mfuko wa plastiki kwenye dungu lake: ardhi imenunuliwa, namba yako ya simu ni hii, chukua vyombo vyako kabla ya tarehe fulani, na kwa sasa hakuna ruhusa ya kuwinda. Piga picha barua ikiwa imebandikwa. Askari akiwa ameshajua, mume wako hana haja ya kukutana na mtu yeyote msituni. Majira ya kulungu kwa bunduki yanafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, lakini wa mishale wanaingia zaidi ya mwezi mmoja kabla ya hapo, kwa hiyo mpima ardhi aitwe mwezi huu. Rangi nunueni ile ya miti inayouzwa maduka ya vifaa vya shamba, mwanze kupaka upande wa barabara.